Adabu za Mgeni: Tafakari juu ya Filamu za Peter Weir

Msanii akisifiwa kwa kuweza mengi, aghalabu sifa hiyo humdhuru kuliko kumfaa, kwa sababu msikilizaji hudhani anaelezwa habari za mtu ambaye hakukaa mahali pamoja muda wa kutosha kupajua. Peter Weir, mzaliwa wa Sydney wa mwaka 1944, amebebeshwa sifa hiyo maisha yake yote ya kazi. Baina ya mwaka 1974 na mwaka 2010 alitoa filamu 13 za sinema, na ndani yake mna wasichana wa shule wanaopotelea mlimani, wakili anayeota gharika, vijana wanaoangamia katika mahandaki ya Uturuki, mpelelezi anayejisitiri kwa wakulima wacha Mungu, mwalimu wa mashairi, mume na mke waliofunga ndoa ya hila, abiria aliyenusurika katika ajali ya ndege, mtu aliyefungwa tangu utotoni ndani ya kipindi cha televisheni pasipo kujua, na nahodha wa manowari ya matanga. Zikipangwa filamu hizo pamoja bila ya jina la aliyeziongoza, si rahisi kwa mtazamaji kukiri kuwa zimetoka katika mkono mmoja.

Nami, baada ya kuzitazama na kuzirudia, nimefikia kuamini kwamba mkono ni mmoja kweli, na kwamba alama yake haimo katika rangi za picha, wala katika mwendo wa kamera, wala katika aina ya hekaya, ila imo katika tabia: tabia ya mtu aingiaye nyumba isiyo yake, akavua viatu mlangoni, akatulia, akatazama jinsi wenyeji wanavyokaa kabla hajafungua kinywa. Karibu kila filamu ya Weir ni kisa cha mgeni. Lakini lililo kubwa zaidi ni kwamba yeye mwenyewe, kila alipoichukua kazi ya namna asiyoizoea, aliiendea kwa adabu hizo hizo, akajifunza ada za nyumba kwanza, na hata alipopewa hadithi ya polisi, au ya mapenzi, au ya vita vya baharini, hakuidharau wala hakujifanya bora kuliko hiyo.

Nianze na Witness ya mwaka 1985, ambayo ndiyo iliyokuwa filamu yake ya kwanza kuifanya Marekani, kwa kuwa humo tabia hiyo inaonekana bayana kuliko kwingine kote. Muswada aliopewa ulikuwa, kwa umbo lake, wa kawaida: mtoto wa Kiamish (ndio wale wakulima wacha Mungu), Samuel, aliyefuatana na mama yake mjane, Rachel, anashuhudia mauaji katika choo cha stesheni ya reli mjini Philadelphia, mpelelezi John Book, aliyeigizwa na Harrison Ford, anagundua kwamba muuaji ni askari mwenzake na kwamba mkubwa wake mwenyewe yumo katika njama, naye akiisha kujeruhiwa kwa risasi, anapata hifadhi katika shamba la mjane yule. Mwongozaji mwingine angalifanya haraka kuifikia bunduki. Weir anaanza na upepo unaopita juu ya majani ya shamba, na watu wenye mavazi meusi wakitokeza kidogo kidogo kutoka ndani ya majani hayo, wakielekea mazikoni, hata, kama si maandishi yanayotokea kutwambia kuwa tuko Pennsylvania mwaka 1984, tungalidhani ni karne nyingine kabisa.

Mna tukio moja fupi katika filamu hiyo ambalo, kwa maoni yangu, latosha kufundishia darasa zima la uongozaji. Mtoto Samuel anazurura katika kituo cha polisi, huku Book akiwa ameshika simu, hata akalifikia kabati la vioo lenye vikombe vya ushindi na picha za magazeti. Humo anauona uso wa muuaji, askari anayesifiwa. Mtoto hataji jina lolote, hapigi kelele; anageuka, anamtazama Book, kisha ananyoosha kidole. Book anaweka simu, anavuka chumba kilichojaa watu, anapiga goti mbele ya mtoto, na bila ya kusema neno anakifunika kidole kile kwa mkono wake na kukishusha. Hofu yote ya filamu, na amana yote baina ya mtu mzima na mtoto, imetiwa katika mkono huo mmoja uliofunika kidole. Kelele za kituo zimedidimia, na hakuna anayetwambia tuhisi nini.

Kisha lije jambo la kujenga ghala. Jumuiya nzima inakusanyika alfajiri kumjengea ghala mume na mke waliooana karibuni, na Book, ambaye kazi ya useremala anaijua, anapewa nyundo na mahali pa kusimama. Hapo hadithi ya polisi inasahauliwa kabisa. Wanaume wanaziinua kuta za mbao kwa kamba na miti, wanawake wanapanga vyakula, watoto wanachukua misumari, na muziki wa Maurice Jarre unapanda pamoja na mbao. Maneno ni machache mno, lakini mambo mengi yanasemwa kwa macho: macho ya Rachel yanamwendea Book, macho ya wanawake wenziwe yanamwendea Rachel, na Daniel, jirani ambaye kila mtu alikwisha kumkadiria kuwa ndiye mchumba, anayaona yote hayo naye anaendelea kufanya kazi bega kwa bega na mgeni bila ya bughudha. Jioni ghala limesimama. Mtazamaji ametiwa katika maisha ya watu wale kwa namna ambayo hotuba elfu zisingeliweza, na sasa anafahamu, pasipo kuambiwa, kwa nini Book hawezi kubaki.

Maana Book hawezi kubaki, naye anajua. Usiku Rachel anaoga, Book anapita mlangoni, Rachel anageuka na kumkabili bila ya kujificha. Na yule askari wa mjini, aliyezoea kuvunja milango ya watu, anayainamisha macho yake na kuondoka. Kesho yake anamweleza Rachel sababu kwa maneno machache: lau jambo lile lingetokea, ama yeye angalilazimika kukaa pale, au Rachel angalilazimika kuondoka. Hiyo ni insafu ambayo filamu za mapenzi hazina. Hata mwisho wa kisa, wakati wauaji wanapofika shambani na risasi zikaanza, kinachomshinda mkubwa wa maovu ni kengele aliyoipiga mtoto, na majirani waliokuja mikono mitupu kutoka mashamba ya jirani, wakasimama na kutazama; naye akiyaona macho yote yale, anashindwa kuua mbele yao.

Lazima niongeze kwamba baadhi ya Waamish hawakuridhika. Desturi yao haipendi watu kupigwa picha, wala hawakukubali kuigiza, na wako waliolalamika hadharani kuwa maisha yao yamefanywa bidhaa. Malalamiko hayo yana haki. Mgeni, awe na adabu kiasi gani, ni mgeni tu, na kama mwenyeji hakumkaribisha, adabu zake haziwezi kuligeuza jambo hilo. Nadhani Weir alilijua hilo. Na filamu yenyewe, ambayo inamfukuza Book mwishoni, ndiyo ikirari yake.

Asili ya tabia hii ni kule kwao. Weir alikulia katika taifa la watu waliotoka ng'ambo wakakaa juu ya ardhi yenye wenyewe, na wenyewe hao walikuwa juu yake kwa makumi ya maelfu ya miaka. Filamu yake kubwa ya kwanza, Picnic at Hanging Rock ya mwaka 1975, iliyotokana na riwaya ya Joan Lindsay ya mwaka 1967, inaeleza siku ya tarehe 14 Februari 1900, kabla ya makoloni ya Australia kuungana kuwa dola moja. Wasichana wa shule ya bweni ya kiungwana, waliovaa magauni meupe, soksi, glavu na mikanda ya kubana viuno, wanapelekwa matembezini kwenye mwamba wa volkano katika jimbo la Victoria. Adhuhuri saa zinasimama. Wasichana wanne wanaupanda mwamba. Mmoja anarudi akilia, watatu hawaonekani, na mwalimu mmoja aliyewafuata hapatikani tena. Mmoja wa wale watatu anaokotwa baada ya siku kadhaa akiwa hai, asikumbuke kitu. Basi. Hakuna anayeeleza, na filamu haitoi jawabu.

Russell Boyd, aliyepiga picha hizo, alitandaza kitambaa cha shela ya bibi arusi mbele ya lenzi, hata mwanga ukawa laini kama wa picha za kuchora za zamani. Na juu yake ukawekwa mlio wa zumari za mianzi za Gheorghe Zamfir, ambao mtu akiisha kuusikia hautoki tena masikioni. Uzuri huo una kazi ya kufanya. Umetandazwa juu ya mwamba ambao hauna habari nao. Kila Weir anapotuonyesha mwamba, anautazama kutoka chini, nyuso zikijitokeza katika mawe, na kila anapotuonyesha wasichana, anawatazama kutoka juu, kana kwamba mwamba ndio unaotazama. Weir amesimulia kwamba msambazaji mmoja wa Marekani alipoitazama alikirusha kikombe chake cha kahawa kwenye pazia la sinema kwa hamaki, maana alipoteza saa mbili za maisha yake kwa fumbo lisilo na ufumbuzi. Mimi naona hamaki ya mtu yule ndiyo sifa kubwa ambayo filamu hiyo imewahi kupewa. Lindsay alikuwa ameandika sura ya mwisho yenye maelezo, ikaondolewa kabla ya riwaya kuchapishwa, na ilipotolewa mwaka 1987 haikumwongezea msomaji ila tashwishi. Weir naye, aliporudia kuihariri filamu yake mwaka 1998, alifanya jambo ambalo waongozaji hawalifanyi: aliipunguza, akakata kama dakika 7, akiamini kuwa hata aliyoyasema mwanzo yalizidi.

Filamu iliyofuata, The Last Wave ya mwaka 1977, ina chanzo cha ajabu. Weir alikuwa akitembea katika magofu ya Kirumi huko Tunisia, moyo wake ukamwambia kuwa ataona kitu, akainama akaokota kichwa cha mtoto kilichochongwa katika jiwe. Na tangu hapo akawa anajiuliza ingekuwaje kama jambo hilo lingemtokea wakili, mtu wa ushahidi na hoja. Akamwumba wakili mzungu wa Sydney anayewatetea Waaborijini walioshtakiwa kwa mauaji, ambaye ndoto zake za maji zinaanza kushabihiana na elimu ya siri ya watu anaowatetea. David Gulpilil na mzee Nandjiwarra Amagula wanaigiza kwa utulivu wenye nguvu kuliko yote ninayoyakumbuka katika filamu za Weir. Lakini hapa mgeni alikosea: kisa kinamfanya yule wakili mwenyewe kuwa mtabiri aliyengojewa, hata siri ya wenyeji ikawa siri yake, nao wakabaki kuwa walinzi wa mlango wake. Naipenda filamu hiyo kwa mvua yake ya mawe inayonyesha chini ya mbingu isiyo na wingu. Siwezi kuipenda kwa mwisho wake.

Gallipoli ya mwaka 1981, juu ya askari wa Australia waliopelekwa vitani Uturuki mwaka 1915, ni jambo jingine. Kila Mwaustralia aliijua hadithi yake kabla ya kuingia sinema, na Weir, akiwa na muswada wa David Williamson, akaamua kwamba vita vitakaa mwishoni tu. Sehemu kubwa ya filamu ni ya vijana wawili wakimbiaji, Archy na Frank, wakishindana mbio, wakilivuka ziwa kavu la magharibi mwa Australia, wakicheza mpira kando ya mapiramidi ya Misri. Jangwani wanakutana na mzee mwenye ngamia ambaye hajasikia kuwa kuna vita. Archy anamweleza kuwa Wajerumani wasipozuiwa huko, watafika hapa. Mzee anageuza uso, anaitazama nchi ile kavu isiyo na mti, na kusema kuwa wakiitaka, basi waichukue tu. Watazamaji hucheka hapo, na kicheko hicho Weir anakiweka akiba, kwa kuwa mwisho wa filamu kitarudi kama simanzi.

Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1915, katika uti wa kilima uitwao Nek, askari wa vikosi vya 8 na 10 vya Light Horse walitolewa mahandakini safu baada ya safu kuzikabili bunduki za rashasha. Mizinga ilikuwa imenyamaza dakika kadhaa kabla ya wakati, na katika filamu sababu ni saa za maofisa zisizolingana. Nami siwezi kuona ni sadfa tu kwamba mtu aliyezisimamisha saa penye Hanging Rock ndiye aliyezitofautisha penye Nek. Askari wanaojua kuwa watakufa wanazichomeka barua, pete na picha za wapenzi wao katika ukuta wa handaki. Frank, aliyetumwa kupeleka amri ya kusimamisha shambulio, anakimbia kwa nguvu zake zote na kuchelewa kidogo tu. Archy anatoka bila ya bunduki, anakimbia kama alivyofundishwa na mjomba wake, na picha inasimama pale pale risasi zilipompata kifuani, kichwa kimerudi nyuma kama cha mkimbiaji anayeikata kamba ya ushindi. Filamu imekwisha hapo, pasipo neno la ziada.

Wanahistoria wameilaumu, na wanayo haki, kwa kuwa inamwacha mtazamaji akidhani kwamba vijana wale walitolewa mhanga ili Waingereza wateremke salama katika ghuba ya Suvla, ilhali shambulio lile lilikusudiwa kuwasaidia Wanewzealand, na walioshikilia liendelee walikuwa maofisa wa Australia wenyewe. Kosa hilo si dogo katika nchi ambayo siku ya Gallipoli ni karibu na siku ya ibada. Hata hivyo sijaona filamu ya vita iliyoupa ujana haki yake kama hii.

Mwaka mmoja baadaye ikaja The Year of Living Dangerously, juu ya mwandishi wa habari aliyetumwa Jakarta mwaka 1965, wakati dola ya Sukarno, rais wa Indonesia, inakaribia kuanguka. Mwigizaji wa kike, Linda Hunt, alimwigiza mwanamume, Billy Kwan, mpiga picha mwenye asili ya Kichina na Kiaustralia, akapata Oscar, ya kwanza kupewa mtu kwa kuigiza jinsia isiyo yake. Uigizaji wake ni wa kutisha kwa ukweli wake wa moyo. Lakini kumpaka Mmarekani mweupe sura ya Mwasia lilikuwa jambo la kujutia hata wakati huo. Kilichobaki kwangu ni Billy akimfundisha mwandishi yule asiwatazame wanasesere wa wayang, mchezo wa vivuli wa huko, bali avitazame vivuli vyao kwenye pazia, na mwandishi asifahamu mpaka wakati umekwisha kupita.

The Mosquito Coast ya mwaka 1986 ilimchukua Harrison Ford yule yule na kumfanya kinyume cha Book: baba mwenye akili nyingi na ghururi nyingi zaidi, anayeihamishia jamaa yake katika misitu ya Amerika ya Kati ili awaletee wenyeji barafu wasiyoiomba. Mgeni asiye na adabu ndiye huyu. Filamu ni ngumu kupendwa, na haikupendwa. Dead Poets Society ya mwaka 1989, kinyume chake, ilipendwa mno, kupita stahiki yake kwa maoni yangu. Kwa sababu mwalimu Keating anaingia nyumba ya watu wengine, anaivuruga, na kijana Neil ndiye anayelipa kwa roho yake, ilhali filamu inafanya haraka kumwondolea mwalimu taksiri. Lakini asubuhi ile ya theluji, Todd anapopata habari ya kifo cha mwenzake, akatembea, akaanguka, akatapika, na kamera ikakataa kumsogelea, hapo Weir mwenyewe amerudi. Green Card ya mwaka 1990, aliyoiandika kwa mkono wake, ni kichekesho chepesi cha Mfaransa aliyefunga ndoa ya karatasi ili apate kibali cha kukaa Marekani. Mkahawa anaokutana ndani yake na mke wake umeitwa Afrika, na ngoma zinapigwa, lakini Afrika yenyewe haimo, na sidhani kama filamu ilidai imo.

Fearless ya mwaka 1993 haikupata watazamaji, na kupuuzwa kwake kunaniuma mpaka leo. Max Klein, aliyeigizwa na Jeff Bridges, anatoka hai katika shamba la mahindi baada ya ndege kuanguka, na tangu saa hiyo haogopi kitu: anasimama ukingoni mwa ghorofa, anakula stroberi ambazo zamani zingalimuua. Amekuwa mgeni nyumbani kwake. Mkewe na mwanawe wanamtazama kama mtu aliyetoka kuzimuni naye hakuurudisha moyo wake pamoja na mwili. Mwenzake katika ajali, Carla, aliyeigizwa na Rosie Perez, alimpoteza mtoto wake mdogo, naye anaamini kuwa mtoto alifariki kwa sababu mikono yake ilimwachia. Maneno yote ya faraja yamemshinda. Max anamketisha kiti cha nyuma cha gari, anampa sanduku zito la vyuma alikumbatie kama mtoto, anamwambia alishike kwa nguvu zake zote, kisha analiendesha gari kwa kasi na kuligonga ukutani. Sanduku linaruka kutoka mikononi mwake na kupita kwenye kioo. Carla anajua sasa kwamba hakuna mama aliyeumbwa awezaye kushika. Ni tendo la wazimu, na ni tendo la rehema, na Weir halitenganishi moja na lingine. Ajali yenyewe ameificha mpaka mwisho, akaileta polepole juu ya muziki wa mtunzi Górecki, kelele za injini zikiwa zimeondolewa, viti na watu vikipaa ndani ya nuru. Nami sijui tukio jingine la kifo katika sinema lililotendewa kwa taadhima kama hiyo.

Pengine bila ya Max asingalipatikana Truman. The Truman Show ya mwaka 1998, iliyotokana na muswada wa Andrew Niccol, ni ya mtu anayedhani kuwa yeye ni mwenyeji, kumbe ndiye mgeni pekee katika mji mzima, kwa kuwa wengine wote, mke, rafiki na mama, ni waigizaji, na dunia yote inamtazama tangu alipozaliwa. Mji huo ulipigwa picha Seaside, Florida, mji wa kweli uliopangwa nadhifu mno hata ukafaa kuwa wa uongo. Ilitoka kabla ya vipindi vya kuwafungia watu nyumbani na kuwatazama kuenea duniani, na watu waliiita utabiri. Kwangu utabiri si hoja kubwa. Hoja ni Jim Carrey, mchekeshaji wa kukunja uso, ambaye Weir alimtuliza hata jahazi la Truman lilipoitoboa mbingu ya ubao akaugonga ukuta kwa ngumi, akalia, asiwe mchekeshaji tena. Anautafuta mlango, anasikia sauti ya aliyemwumbia dunia hiyo ikimbembeleza abaki, anainama kama mwigizaji anayewaaga watazamaji, anatoka. Duniani kote watu wanashangilia. Kisha Weir anatuonyesha walinzi wawili wa maegesho ya magari, waliolia na kushangilia naye miaka mingi. Mmoja anauliza kuna nini kwenye stesheni nyingine, na mwenzake anatafuta jarida la vipindi. Lawama yote ya filamu imo katika swali la mtu mwema anayekula chakula chake.

Nimeiweka nyuma Master and Commander: The Far Side of the World ya mwaka 2003, ambayo watu wa pwani, nadhani, wataijua zaidi kuliko wengine, kwa maana humo merikebu ndiyo nchi. Nahodha Aubrey wa manowari ya Kiingereza, mwaka 1805, anaifukuza merikebu ya Kifaransa iliyo kubwa kuliko yake, akiizunguka Amerika ya Kusini hadi visiwa vya Galápagos. Weir aliitwaa merikebu ya kweli ya matanga, akaifunza jamaa ya waigizaji kazi ya kamba, na alichokitengeneza si vita baina ya manowari mbili tu, bali ni kutwa na kucha za mabaharia mia mbili hivi katika nafasi finyu: harufu ya lami, mbao zinazolia, serahangi na filimbi yake, vijana wa miaka kumi na miwili wakipewa amri juu ya watu wenye ndevu. Katika tufani ya Rasi ya Horn mlingoti unavunjika, baharia mmoja, Warley, anaanguka nao baharini, akaogelea kuufuata mlingoti unaoburutwa kwa kamba zake. Lakini mlingoti huo, ukiwa umeshikwa na matanga yaliyolowa, unaivuta merikebu ipate kuzama. Nahodha anatoa shoka. Anayezikata kamba pamoja naye ni Nagle, swahibu wa Warley, akilia na kukata. Warley anabaki nyuma akipunguka katika mawimbi. Mtu wa bahari hahitaji kuelezwa hukumu ile, wala Weir haelezi.

Humo pia yumo mgeni: tabibu Maturin, mpenda ndege na wadudu, asiyejua hata majina ya kamba, ambaye urafiki wake na nahodha ni fidla na selo zinazopigwa pamoja katika chumba cha tezi usiku. Filamu ilipendekezwa kwa Oscar 10, ikapata 2, mojawapo ya picha za Russell Boyd, mtu wa shela ya arusi. Weir mwenyewe alipendekezwa mara nne kuwa mwongozaji bora wa mwaka, asiipate hata mara moja. Wakaja kumpa Oscar ya heshima mwaka 2022, na mwaka 2024 tamasha la filamu la Venice likampa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Filamu yake ya mwisho, The Way Back ya mwaka 2010, ya wafungwa wanaotembea kutoka Siberia hadi India, ina nchi kubwa na nyuso zilizochoka, lakini watu wake hawakupata kutofautika vya kutosha. Baada yake akanyamaza, na baadaye akatangaza kwamba amestaafu.

Msomaji ambaye hajaitazama hata moja, ningemsihi aanzie Witness, kisha Gallipoli, halafu Master and Commander kwenye pazia kubwa kadiri atakavyopata. Picnic at Hanging Rock aiweke baada ya hizo, akiisha kuzoea kutojibiwa. Fearless nayo aitazame peke yake, usiku asiokuwa na shughuli kesho yake, wala asimwulize mtu ni nini kinachotokea ndani yake kabla hajaiona.